Tairi za Kona ya Tatu

Ruiru, 4 Agosti 2025

Mzee Kang'ethe,

Salamu nimeziacha nyumbani. Nikianza kwa kusema natumaini u mzima, nitakuwa nimeanza na uongo, na leo uongo mmoja unatosha.

Jumamosi nilimpeleka Zahra mazoezini kwenye klabu yenu ya baiskeli huko Thika. Pale kwenye ubao ambapo huwa pana picha za washindi nikakuta karatasi yako: "Ulinganisho wa matairi matano ya baiskeli za mlima katika miteremko minne." Mistari umeipiga kwa rula. Namba zimesimama kama watoto wa gwaride. Na chini kabisa, nafasi ya tano kati ya tano, ni tairi ya Taji, na mbele yake umeandika, "Lilinunuliwa Ruiru, dukani kwa Bw. Sele." Zile nne nyingine hukuziandikia muuzaji. Yangu tu ndiyo iliyopewa baba.

Watu walikuwa wamesimama wanasoma. Mmoja akanigeukia akaniuliza kama Sele wa karatasi ndiye mimi. Zahra alikuwa kando yangu, amevaa helmeti, ameshika baiskeli iliyofungwa tairi hizo hizo. Unajua uso wake ulivyokuwa? Hujui, kwa sababu hukuwepo. Watu wa namna yako hutundika na kuondoka.

Si mara ya kwanza kutuandika. Mwanao Githinji alipotaka kumwoa dada yangu Muna, ulituletea kurasa tatu za hoja kwa nini Mkikuyu wa Thika na Mwislamu wa Mwihoko hawawezi kujenga nyumba moja. Waliijenga. Ilisimama mpaka Mungu alipomchukua Githinji, mtoto ana miaka minne. Muna akaenda Doha kutafuta riziki, na mtoto akabaki kwangu. Leo ana kumi na tisa. Baiskeli ya kwanza nilimpa mimi. Nilikimbia nyuma yake nimeshika kiti mpaka viatu vikaachama.

Tarehe thelathini mwezi huu anashindana kwenye mteremko wa Kwa Ngina. Akiwa kati ya watatu wa kwanza anaingia timu ya kwenda Rwanda. Huu ndio mwezi uliouchagua kumwambia kwamba mjomba wake anauza takataka.

Iondoe karatasi. Na usinipigie simu, maana mara ya mwisho tulipigizana kelele mpaka majirani wakatoka nje. Ukiwa na neno, liandike, ulitume kwa vifurushi vya stendi ya matatu kama nilivyotuma hili.

Sele


Thika, 8 Agosti 2025

Bwana Sele,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa kalamu. Uvumilie mwandiko.

Ninaanza na kosa lako dogo. Juu kabisa ya karatasi, kabla ya jedwali, nimeandika kwamba matairi manne yalinunuliwa duka moja la Juja. La tano halikutoka huko, ndiyo maana nikataja lilikotoka. Anayesoma kuanzia chini kwenda juu asimlaumu mwandishi.

Sasa nieleze nilivyopima, kwa kuwa nimefundisha ufundi wa mitambo miaka thelathini na mmoja na siwezi kukuachia namba bila njia yake. Matairi yote yalitiwa hewa sawa, kwa geji moja, asubuhi, kabla jua halijaipasha moto hewa iliyo ndani. Mpandaji alikuwa mmoja, baiskeli moja. Miteremko ni minne kwa sababu udongo wetu ni wa namna nne: mawe ya machimbo yenye vumbi, changarawe, udongo mweusi unaonata, na udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa, ambao ukipata manyunyu huwa kama siagi. Katika kila mteremko nilipima mambo mawili. La kwanza ni breki: unaachia baiskeli kwenye mstari mmoja, unashika breki kwenye mstari wa pili, kisha unapima kwa tepu imesimama wapi. La pili ni kona: unamwaga chokaa kufuata mzunguko wa kona, unapita juu yake, kisha unapima gurudumu limetoka nje ya chokaa kiasi gani. Mara kumi kila tairi. Naacha kipimo kilicho bora kuliko vyote na kilicho kibaya kuliko vyote.

Kwenye breki, Taji lilikuwa la pili. Hilo hukulisoma. Kwenye kona lilikuwa la mwisho, tena kwa mbali, na kona ndizo zinazovunja watu. Sikuandika kwamba wewe ni mwizi. Niliandika sentimita.

Karatasi haitoki. Nikiitoa leo kwa sababu mjomba amekasirika, kesho nitaandika nyingine kwa sababu mjomba amefurahi, na hapo haitakuwa na faida kwa mtu yeyote.

La mwisho. Mjukuu wangu anaitwa Ngendo. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na marehemu mke wangu alikuwa Ngendo. Wewe mwite upendavyo nyumbani kwako. Katika barua zangu utamkuta kwa jina hilo.

Kuhusu zile kurasa tatu za zamani, nilikosea. Githinji nilimwambia hivyo akiwa hai. Wewe sikudhani nina deni la kukuambia.

Kang'ethe wa Njuguna


Ruiru, 12 Agosti 2025

Mzee,

Mwandiko nimeuvumilia. Nilidhani kuku amekanyaga wino akavuka meza. Mwalimu wa miaka thelathini na mmoja, na herufi zinalala chali. Labda uzee umefika mkononi kabla haujafika mdomoni.

Umenieleza chokaa na tepu. Nami nikueleze. Jumapili nilichukua Taji mpya dukani, nikaifunga, nikapanda mwenyewe, mtu wa kilo tisini na nne. Nikateremka barabara ya Kimbo kutoka juu mpaka mtoni, na kila nilipokamata breki baiskeli ilisimama kama punda aliyekataa. Mara tano. Jeconia, anayeuza spea mkabala na duka langu na ambaye hanipendi hata kidogo, alishuhudia akanyamaza. Kunyamaza kwa Jeconia ni cheti.

Tangu karatasi yako itundikwe, watu watatu wamenirudishia tairi. Hawakuteleza. Walisoma. Lakini mimi sikimbii. Tairi za Zahra sasa nazishughulikia kwa mkono wangu mwenyewe, kila Alhamisi akitoka chuoni. Nazisafisha, nazipaka, nazing'arisha mpaka unaweza kuchana nywele ukijitazama. Zamani nilikuwa nazitengeneza hivyo zile za rafuni tu. Sasa za mtoto ndizo za kwanza. Nataka siku ya mashindano asimame pale juu na kila msomaji wa karatasi yako aone tairi ya Sele ikoje.

Na ujue ulichofanya. Juzi Zahra alirudi akaniambia gurudumu la mbele lilimponyoka kidogo kwenye kona. Tangu lini? Mtoto ameteremka miaka yote hii bila hofu. Nikamwambia, hiyo si tairi, hiyo ni karatasi ya babu yako imekuingia kichwani. Akaiinua baiskeli akaingia ndani. Umemtia woga mtoto wangu kwa rula.

Yeye ni Zahra. Kwenye kitambulisho ni Zahra. Aliyemwosha tetekuwanga alimwita Zahra.

Sele


Thika, 20 Agosti 2025

Bwana Sele,

Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi waweke hitimisho mbele na sababu nyuma. Basi hitimisho ni hili: tairi lako ni zuri, na mkono wako ndio ulioliharibu.

Sababu ni hizi. Barua yako ilikuwa na matusi mengi na kipimo kimoja, na kipimo chako nilikiamini. Mtu wa kilo tisini na nne akisimama mara tano kwenye mteremko wa Kimbo, tairi lake lina nguvu. Nikajiuliza kwa nini kwenye kona liwe jingine. Nikaenda Juja, nikanunua Taji la pili, ukubwa uleule, hata namba iliyochongwa ubavuni ni ileile. Safari hii nilimweka Mwas, fundi wa klabu, apande yote mawili, la Juja na la kwako, nami nikashika tepu. Kwenye kona ya udongo mwekundu, Taji la Juja lilitoka nje ya chokaa sentimita kumi na nne. La kwako lilitoka sitini na tatu. Tairi ni moja, kiwanda ni kimoja, tofauti ni duka.

Nikalinusa la kwako. Linanuka mafuta ya taa. Nikachukua kitambaa cheupe nikafuta meno ya katikati, kikatoka na vumbi. Nikafuta meno ya pembeni, kikatoka cheusi na chenye utelezi.

Hapa unisikilize kwa makini. Tairi la mlimani lina meno ya aina mbili. Ya katikati hugusa ardhi wakati wote, kwa hiyo chochote ulichokipaka huko huisha baada ya kilomita moja au mbili za barabara. Ya pembeni hayagusi chochote ukienda wima. Yanangoja mpaka mpandaji alaze baiskeli kwenye kona, na siku hiyo ndiyo siku yao ya kwanza kazini, nayo yamepakwa mafuta. Ndiyo maana wewe Kimbo hukuteleza. Ungeweza kwenda na kurudi hapo mwaka mzima usione kitu. Na ndiyo maana Ngendo aliponyokwa kwenye kona. Hakuwa na woga. Alikuwa akikuambia ukweli.

Unapaka nini? Kama ni ile oili chafu ya injini na polishi ya viatu wanayopaka watu wa magari ili tairi kuukuu lionekane jipya, basi kila Alhamisi unamtelezesha mtoto kwa mkono wako, na Alhamisi ya tarehe ishirini na nane utakuwa unamwandaa kwa Kwa Ngina.

Usipake tena. Usijaribu kuyaosha kwa haraka, kwa kuwa mafuta hunywewa na mpira. Mfungie mapya ambayo hayajaguswa. Ukitaka, nunua kwa mwingine. Ukitaka, nitaleta mimi.

Kang'ethe wa Njuguna


Ruiru, 22 Agosti 2025

Mzee Kang'ethe,

Barua yako nimeisoma mpaka pale uliposema mkono wangu ndio ulioharibu. Hapo nikaikunja.

Mkono huu ulimlisha. Ulimbeba usiku mguu wake ulipovunjika, tukatembea kutoka Mwihoko mpaka Githurai kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Ulimpikia, ulimsuka nywele vibaya mpaka jirani akatuonea huruma. Wako ulikuwa wapi? Ulikuwa umeshika kalamu.

Barua zako zitakazokuja zote nitazitia ndani ya droo ya pesa bila kuzifungua. Tutakutana tarehe thelathini, uje na tepu yako umpime Zahra akipita.

Sele


Thika, 25 Agosti 2025

Bwana Sele,

Umesema hufungui. Naandika hata hivyo, na safari hii naweka sababu mbele.

Mpandaji wa majaribio ya kwanza nilikuwa mimi. Tarehe ishirini na sita Julai, kwenye kona ya tatu ya Kwa Ngina, mara ya kumi na ya mwisho, nilianguka nikiwa juu ya tairi lako. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Barua zote hizi nimeziandika kwa mkono wa kushoto; ile karatasi ya ubaoni alininakilia Mwas, fundi wa klabu. Yule kuku ni mimi.

Sikuandika hayo kwenye karatasi wala sikukuambia, kwa kuwa mtu aliyeanguka hapimi tena, analalamika. Nilitaka namba zisimame bila mimi. Nilitaka usiwe na njia ya kusema mzee ana kisasi na tairi lililomwangusha. Najua ungesema.

Kona ile ikiwa na manyunyu, mwenye meno yaliyopakwa mafuta hapiti kwa kasi ya mashindano. Mimi nilikuwa nakwenda kwa kasi ya mzee wa miaka sitini na saba.

Mwondolee matairi hayo. Mengine yote nitayameza.

Kang'ethe


Juja, 6 Septemba 2025

Guka, Mjomba,

Nimewaandikia barua moja, nakala mbili, msije mkaambiana niliandika tofauti. Nimeichapa kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa kifuani. Mtulinga umevunjika mahali pawili. Daktari anasema wiki nane kabla ya kushika usukani. Timu ya Rwanda imeshatangazwa na mimi simo, kwa hivyo hilo msilijadili tena.

Mnataka kujua nilianguka vipi, na najua kila mmoja wenu anajua wapi. Kona ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili nikaongeza kasi, nilikuwa wa pili kwa sekunde mbili tu. Ya tatu inazunguka ule mti wa mgrevilea, na kulikuwa na manyunyu. Nikalaza baiskeli. Tairi zilipogusa udongo kwa ubavu ilikuwa kama nimekanyaga sabuni bafuni. Sikupata hata muda wa kuogopa.

Mjomba, uliponiacha hospitalini kwenda kutafuta pesa dukani, uliniambia nikutumie picha ya risiti, ukasahau simu yako kitandani kwangu. Nikaja nayo mwenyewe siku iliyofuata. Ulikuwa msikitini. Nilifungua droo nikitafuta chaji. Nikakuta barua moja imekunjwa na nyingine haijafunguliwa. Ile isiyofunguliwa nimeifungua mimi. Nimezisoma zote mbili nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, katikati ya tairi zako zinazong'aa. Kumbe harufu ile ya Alhamisi ilikuwa mafuta ya taa. Nilikuwa naipenda. Nilidhani ndiyo harufu ya tairi mpya.

Nilikuambia gurudumu linaniponyoka, ukaniambia ni woga. Nikakuamini wewe, nikaacha kuuamini mwili wangu. Hilo linauma kuliko mtulinga.

Na wewe Guka, usitabasamu. Ulijua kabla ya sisi sote. Ulijua kwa mfupa wako. Tarehe tisa Agosti nilikuja kwako Thika, ukanipa chai ukiwa umeficha mkono chini ya shuka la Kimasai, ukasema ni baridi. Ungeutoa tu ule mkono. Ungesema, Ngendo, nilianguka pale, usipite hivyo. Maneno matano. Badala yake ukamwandikia Mjomba kurasa, halafu kurasa nyingine, kuhusu mimi.

Nyote wawili mna namba yangu. Hakuna aliyenipigia. Mlikuwa mnaandikiana.

Nimehamia chumba cha rafiki yangu Lynn hapa Juja na baiskeli nimeichukua. Nikipona nitashindana tena Novemba tarehe ishirini na tisa, Kwa Ngina palepale. Tairi nitachagua mwenyewe na kufunga mwenyewe. Msiniulize ni zipi. Anayeniuliza simwambii, na anayetuma mtu aniulize simpokei simu.

Nawapenda. Kwa sasa hilo halisaidii kitu.

Zahra Ngendo


Ruiru, 15 Septemba 2025

Mzee Kang'ethe,

Nimeimaliza barua yako ya tarehe ishirini Agosti. Zahra aliniachia mezani, wazi, na jiwe juu yake.

Ni oili chafu. Naichuja kwa kitambaa, natia mafuta ya taa na polishi nyeusi. Aliyenifunza alikuwa mtu mwema na aliniambia inalisha mpira usipasuke. Nimefanya hivyo miaka ishirini na mbili. Kwetu hatumuuzii mtu kitu chenye vumbi. Sikuwa naficha uchakavu. Zilikuwa tairi mpya, nazipaka kama unavyompaka mtoto mafuta kabla ya kwenda shule.

Na za Zahra nilizipaka mara mbili.

Zilizobaki dukani nimezitoboa kwa bisibisi, moja moja, ili nisije nikabadili nia. Nje nimeweka kibao: aliyenunua tairi hapa arudi nayo apewe nyingine. Jeconia anakisomea wateja wake kwa sauti. Acha asome.

Lakini usidhani nimekuja kukupigia magoti. Ungesema mapema kwamba umeanguka ningekutukana, ndiyo. Ningesema mzee amezeeka, arudi kwenye kiti. Halafu usingizi usingekuja, kwa sababu mimi najua maana ya mtu kuanguka. Sentimita zako sizijui. Mfupa ningeuelewa. Ulikuwa na kitu kimoja ambacho ningekisikia, ukakificha ili karatasi yako ionekane safi. Mtoto alilala hospitalini kwa usafi wa karatasi.

Sele


Thika, 19 Septemba 2025

Bwana Sele,

Barua yako haina neno la kupinga, na nimelitafuta.

Nilidhani kipimo kikitenganishwa na mpimaji ndipo kinaaminika. Ni kweli kwa wanafunzi walioketi wametulia. Kwa mtu mwenye hasira, hitimisho lililowekwa mbele ni mlango unaofungwa kabla hajaingia. Hilo nilipaswa kulijua, maana nami nilifungiwa mlango na barua ya Githinji, zamani, iliyoanza kwa kusema atamwoa Muna, na sikuisoma mpaka mwisho.

Mjukuu wangu sikumpigia kwa sababu nilimwahidi Muna siku anaondoka kwamba mtoto hatanisikia nikimsema vibaya mtu anayemlea. Niliitunza ahadi hiyo vizuri sana. Ningeitunza vibaya angekuwa Rwanda.

Karatasi nimeibadilisha. Sasa Taji la Juja ni la pili kati ya matano. Taji la kwako nimeliacha chini, na kando yake nimeandika sababu, pamoja na jina la mpandaji na tarehe aliyoanguka.

Sikusamehe kwa kumwambia kwamba ni woga. Nadhani nawe hunisamehe kwa lile shuka. Tukae hivyo.

Kang'ethe wa Njuguna


Thika, 1 Desemba 2025

Bwana Sele,

Jumamosi nilisimama upande wa juu wa kona ya tatu, nyuma ya uzio wa kahawa, ili asinione akatoka kwenye mstari wake. Alipita. Nilisikia tairi kabla ya kumwona yeye. Nililoliona ni helmeti, bega lililoshuka karibu na udongo, na kisha nafasi tupu, na watu wa chini wakishangilia.

Nilingoja mpandaji wa mwisho apite, nikashuka na tepu nisome alama ambayo tairi lake limeacha kwenye mstari wake. Nikakukuta umepiga magoti juu yake kwa suruali yako ya Ijumaa. Hukunisalimu nami sikukusalimu. Nilihesabu meno matatu katikati na mawili pembeni, yamepishana, lile la nje limekatwa mshazari. Nimepekua nyumbani orodha zote nilizonazo. Tairi hilo silijui.

Wewe uko kwenye biashara. Unalijua?

Kang'ethe wa Njuguna


Ruiru, 4 Desemba 2025

Mzee,

Silijui. Nimeuza tairi miaka ishirini na mbili na alama ile sijapata kuiona. Nimeichora kwenye karatasi nikaenda nayo Nairobi kwa watu wanaoleta mizigo. Hawaijui. Nilivuka barabara nikamwonyesha hata Jeconia, na hilo nalihesabu kwenye makosa yako. Naye haijui, na alisikitika kweli.

Ningeijua nisingekuambia.

Uliposhuka na gambuti zako ulikanyaga nusu ya alama kabla sijaimaliza. Nilinyamaza kwa sababu ya watu. Nusu iliyobaki niliipima kwa shubiri, kwa kuwa tepu ulikuwa nayo wewe na singekuomba. Tairi haikuhama. Iliingia kwenye kona na kutoka kwenye mstari mmoja, na yale meno ya pembeni yaliuma udongo mpaka mwisho, kila jino limeacha shimo lake, kingo zimesimama. Niliweka kidole ndani. Palikuwa pakavu chini, hakuna mafuta.

Amekuwa wa tatu. Amenitumia picha, hakuandika neno. Nadhani nawe amekutumia ileile. Ameikata pale chini, magurudumu hayaonekani.

Mashindano mengine ni Februari. Wewe simama juu, mimi nitasimama chini. Na ukiteremka, tazama unapokanyaga.

Sele